Lancia Fulvia HF na Lancia Delta Integrale

Lancia Fulvia HF na Lancia Delta HF Integrale ni magari ya Kiitalia ya enzi mbili, yote mawili ya kampuni ya Lancia ya Turin. Yalijipatia jina katika mbio za rali, ambako gari linaloshika njia mara nyingi hulishinda lenye nguvu zaidi.

Fulvia Coupé ilitoka mwaka 1965, ikichorwa na Piero Castagnero. Uhondo wake umo chini ya boneti. Silinda 4 zimepangwa kwa umbo la V lililobana mno, takriban digrii 13 tu, hivyo zote zinafunikwa na silinda hedi moja. Injini nzima imeinamishwa upande, nayo inazungusha magurudumu ya mbele. Toleo la 1.6 HF lilikuwa na nguvu za farasi 115 tu, lakini uzito wake haukufika kilo 900. Mwaka 1972 Sandro Munari aliliendesha na kushinda rali ya Monte Carlo mbele ya Alpine na Porsche zilizokuwa na nguvu kubwa zaidi, na mwaka huo Lancia ikatwaa ubingwa wa kimataifa wa watengenezaji.

Delta ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1979, Fiat ikiwa imeshainunua Lancia, lilikuwa gari la familia lenye milango mitano, lililochorwa na Giorgetto Giugiaro. Magari ya Kundi B, daraja la juu la mbio za rali, yalipopigwa marufuku baada ya vifo vya mwaka 1986 katika mbio hizo, kanuni mpya zilidai gari linalouzwa kwa wingi, angalau 5,000 kwa mwaka. Lancia ilikuwa tayari na Delta yenye turbo, inayovutwa na magurudumu yote manne. Integrale ikafuata, ikianza na nguvu za farasi 185, na ubingwa wa dunia wa watengenezaji ukawa wa Lancia miaka sita mfululizo, 1987 hadi 1992.

Kwa ubunifu wa kihandisi, Fulvia ndiyo bora: karibu kila kipande chake kilibuniwa na Lancia yenyewe. Kwa ushindani, Delta haina mpinzani. Hata Safari Rally ya Kenya, ambayo Stratos, gari maarufu la Lancia la miaka ya 1970, haikuwahi kuishinda, ilisalimu amri kwa Delta ya Miki Biasion mwaka 1988, kisha tena 1989.