Mwenye nyumba za kupangisha ana njia mbili za kulipa ushuru

WENGI wanaojenga nyumba za kupangisha huanza kufikiria ushuru siku wanapopokea barua kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA). Kufikia hapo, huenda wamekwisha kupoteza fedha kwa kutojua kwamba sheria yenyewe iliwaruhusu kuchagua njia ya kutozwa.

Njia ya kwanza ni ushuru wa kodi ya nyumba za makazi, ulioanza Januari 2016 kwa kiwango cha asilimia 10 na kupunguzwa hadi asilimia 7.5 Januari 2024. Unamhusu mkazi wa Kenya apataye kodi ya zaidi ya Sh288,000 na isiyozidi Sh15 milioni kwa mwaka. Hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hukokotolewa kwa jumla ya kodi bila kuondoa gharama yoyote.

Ni njia nyepesi, lakini si kila mmoja inayemfaa.

Chukua mfano wa mwenye vyumba 10 vya Sh6,000 kila kimoja kwa mwezi. Kwa mwaka hupata Sh720,000, na ushuru wake ni Sh54,000. Iwapo alijenga kwa mkopo, na riba, ukarabati pamoja na ada za ardhi humgharimu Sh650,000, faida yake ni Sh70,000 pekee. Zaidi ya robo tatu ya faida hiyo itaishia kwenye ushuru.

Njia ya pili ni ushuru wa kawaida wa mapato, ambao hutozwa faida. Kwa njia hii, hata akitozwa asilimia 30, mtu huyo atalipa Sh21,000.

Ili kuifuata, sharti amjulishe Kamishna wa Ushuru kwa maandishi. Asiyefanya hivyo hubaki katika njia ya kwanza. Aidha, lazima awe na ushahidi wa kila gharama. Akumbuke pia kwamba riba ya mkopo huondolewa katika hesabu, ilhali marejesho ya mkopo wenyewe hayaondolewi.

Asiye na deni, na ambaye gharama zake ni ndogo, kwa kawaida hunufaika zaidi na njia ya kwanza.

Kodi ya maduka na ofisi haimo katika njia hiyo ya kwanza. Hutozwa ushuru wa kawaida.

Mwenye duka naye ana hiari kama hiyo. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo, isipokuwa mwenyewe aandike kuomba kutozwa kwa faida.

Anayeuza nyumba ya kupangisha hulipa asilimia 15 ya faida ya mauzo, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 5 Januari 2023. Gharama ya ujenzi huondolewa kwanza, hivyo risiti za saruji na mabati zihifadhiwe hadi siku ya kuuza.

Asiyeridhika na makadirio ya KRA ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi, na pingamizi lisilo na stakabadhi halifiki mbali. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.