Manjano na Daftari Lake

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hupendwa sana na wafanya biashara, lakini mimi nataka kuitumia kwa mali ya namna nyingine, nayo ni ujuzi wa jikoni. Msomaji, ujuzi huo ni mali kubwa, ila huonekana mdogo kwa kuwa wenye nao ni mama zetu na bibi zetu. Hupita kutoka mkono wa mama hadi mkono wa binti. Na ukikosa mkono wa kuupokea, huzikwa pamoja na mwenyewe. Katika insha hii nitakusimulia habari za kiungo kimoja cha Bara Hindi, kiitwacho manjano, ambacho ujuzi wake ulikaribia kuandikwa kuwa mali ya watu wengine mbele ya macho ya wenyewe, ukaokolewa na daftari.

Manjano bila shaka wayajua. Ni shina la chini ya udongo la mmea ulio wa ukoo mmoja na tangawizi. Huchimbwa, hutokoswa, huanikwa juani mpaka yakauke, kisha husagwa yakawa unga. Matumizi yake ni ya kale mno. Si mbali na mji wa Delhi, mahali paitwapo Farmana, wachunguzi wa mambo ya kale walifukua vyungu na mifupa ya watu walioishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Walipopima vyungu hivyo na meno ya watu hao, walikuta chembe za manjano na tangawizi. Basi mchuzi wa manjano ulipikwa kabla ya falme nyingi tunazosoma habari zake kuanza.

Baadaye watu wa Bara Hindi waliupanga ujuzi wao wa afya katika elimu iitwayo Ayurveda, neno la Kisanskrit lenye maana ya ujuzi wa maisha. Vitabu vyake viwili vikuu, kimoja cha Charaka na kimoja cha Sushruta, vina umri wa miaka ipatayo 2,000. Katika elimu hiyo hapakuwa na ukuta kati ya chakula na dawa. Ladha zilihesabiwa kuwa sita, yaani utamu, uchachu, chumvi, ukali, uchungu na ukakasi, na mlo ulio mwema ulikuwa ule usioacha ladha hata moja. Si yote yaliyofundishwa katika vitabu hivyo ambayo waganga wa leo huyakubali; lakini wazo kwamba afya hulindwa kwanza jikoni halijachakaa.

Mtazame mpishi wa Kihindi akipika dengu. Kwanza huzichemsha pamoja na manjano kidogo mpaka zilainike. Kando yake huweka samli katika chombo kidogo, na ikipata moto barabara hutia mbegu za haradali. Zikianza kupasuka, huongeza bizari nyembamba, kitunguu saumu, na chembe ya mvuje, ambao wazee husema hutuliza tumbo linalojaa gesi kwa sababu ya nafaka za jamii ya kunde. Kisha yote hayo, yangali yanalia kwa moto, huyamimina juu ya dengu, na harufu hujaa nyumba nzima.

Kwa nini samli? Mpishi atakujibu kuwa ndivyo alivyofundishwa na mamaye. Wataalamu wa kemia nao wana jibu lao. Mengi ya manukato ya viungo hayayeyuki katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Ndivyo ilivyo kurkumini pia, yaani kile kitu kiyapacho manjano rangi yake, ambacho wanakemia walikitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1815. Tena mwili wa mwanadamu hukipokea kwa shida. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliwapa watu wachache kurkumini pamoja na kitu kilichotolewa katika pilipili manga, wakaona kwamba kurkumini iliyoingia katika damu iliongezeka kadiri ya mara 20. Wapishi waliokuwa wakichanganya manjano na pilipili manga kwa karne nyingi hawakuwa na maabara. Walikuwa na ulimi, na subira, na kumbukumbu.

Lakini viungo vina faida nyingine iliyo wazi zaidi, isiyohitaji maabara. Dengu, kunde, mchicha na biringani ni vyakula vya bei nafuu na vyenye kuujenga mwili, ila vikipikwa ovyo humchosha mlaji. Kiungo humfanya mtu avile kwa hamu, tena bila kurundika chumvi. Nadhani hii ndiyo siha kubwa ambayo jiko la Kihindi limewapa watu wake.

Pwani yetu ilipata sehemu yake ya urithi huu zamani. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni, na kusi ikayarudisha. Hata jina la pilipili manga ni ukurasa wa historia, kwa kuwa Manga ni jina la kale la nchi ya Waarabu, ambao walikuwa wachukuzi wakubwa wa pilipili hiyo; mmea wenyewe ni wa Malabar, upande wa kusini magharibi wa Bara Hindi. Ni biashara hiyo iliyomvuta Vasco da Gama. Aprili 1498 alitia nanga Malindi, akapewa rubani aliyeijua njia, na kwa siku zisizotimia 30 tangu kuondoka Malindi akafika Calicut. Katika karne iliyofuata Wareno walipeleka Bara Hindi pilipili kali ya Amerika. Kwa hiyo, msomaji, ule ukali tunaoudhania kuwa ni wa Kihindi tangu asili, ulikuwa mgeni huko kama vile mahindi yalivyokuwa mgeni kwetu. Baadaye tena, kati ya 1896 na 1901, wafanya kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani. Wengi walirudi kwao, baadhi walibaki, na mapishi yao yakabaki pamoja nao.

Sasa turudi kwenye daftari. Katika karne ya 17, Waholanzi walitawala bandari ya Cochin katika Malabar. Mkuu wao, Hendrik van Rheede, aliamuru mimea ya nchi ile ichorwe na kuelezwa. Kazi hiyo ilitoka Amsterdam kati ya 1678 na 1693 katika vitabu 12, kwa jina la Hortus Malabaricus. Lakini van Rheede hakuzaliwa na ujuzi huo. Aliupata kwa waganga wenyeji, na mmoja wao mkubwa alikuwa Itty Achudan, aliyetoa yale yaliyokuwa katika kumbukumbu na maandiko ya ukoo wake. Ushahidi wake ulipigwa chapa katika kitabu cha kwanza, kwa mwandiko wa kwao. Hilo lilikuwa jambo la haki. Hata hivyo vitabu vyenyewe viliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo watu wa Malabar hawakuisoma. Havikutoka kwa Kimalayalam, lugha yao wenyewe, mpaka mwaka 2008. Daftari lilikuwapo, lakini wenye mali hawakuweza kulifungua.

Hatari ya jambo hili ilionekana Machi 1995. Ofisi ya Marekani ya hataza iliwapa watafiti wawili wa chuo kikuu kimoja cha Mississippi hataza juu ya kutumia manjano kuponya majeraha. Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake kwa muda uliowekwa. Yapasa tuseme kweli yote: hati hiyo ilikuwa na nguvu Marekani tu, wala haikuweza kumzuia mama wa Delhi kupika mchuzi wake au kumfunga mwanawe kidonda. Lakini ilitangaza kuwa ni jambo jipya lile ambalo mama huyo alifundishwa na bibi yake, naye bibi akafundishwa na bibi yake.

Mwaka 1996 Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la Bara Hindi, likiongozwa na Raghunath Mashelkar, liliomba hataza hiyo ichunguzwe upya. Fikiri, msomaji, ugumu wa shauri hilo. Kila mtu katika nchi yenye mamilioni ya watu alijua kwamba manjano hutiwa kidondani, lakini kauli ya mamilioni haikutosha. Maandishi ndiyo yaliyotakiwa. Baraza likapekua vitabu, likaleta maandiko 32, mengine ya kale ya Kisanskrit, na mojawapo makala iliyopigwa chapa mwaka 1953 katika jarida la chama cha waganga wa Bara Hindi. Mwaka 1997 ofisi ile ile ya Marekani iliamua kwamba jambo hilo halikuwa uvumbuzi mpya. Karatasi ilishindwa na karatasi. Serikali ya Bara Hindi nayo ikachukua hatua. Mwaka 2001 ilianzisha hazina ya ujuzi wa jadi, ambamo dawa za vitabu vya kale zilianza kuandikwa katika lugha ambazo wakaguzi wa hataza wa nchi nyingine waweza kuzisoma.

Je, daftari ni la kulinda haki tu? La. Daftari la haki huandika faida na hasara. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani walizipima tafiti nyingi zilizofanywa juu ya kurkumini, wasione ushahidi thabiti kwamba hiyo peke yake ni dawa ya kuponya maradhi. Tena unga wenyewe waweza kuwa sumu ukiharibiwa na tamaa. Katika Bangladesh, nchi jirani ya Bara Hindi, baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiyapaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, kwa sababu wanunuzi walipenda yanayong'aa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2019 watafiti walikuta risasi katika sampuli 47 kwa kila 100 walizopima sokoni. Habari zikatangazwa, serikali ikakagua viwanda na masoko na kuwatoza faini wakosaji, na mwaka 2021 haikuonekana sampuli hata moja yenye risasi. Hapa pia walioandika na kupima ndio waliookoa watu. Kwa hiyo kupenda mapishi ya wazee hakutuzuii kuuliza. Na jeraha lenye kina mahali pake ni zahanati, si jikoni.

Miaka michache iliyopita niliwaagiza wanafunzi wangu wawaulize wazee wao ni majani gani, mizizi gani na mbegu gani walizopikia zamani, na kwa sababu gani. Wengi walileta mistari michache. Msichana mmoja alileta kurasa mbili zilizojaa, alizoandika kwa kauli ya bibi yake, na chini kabisa ameandika kuwa zitaendelea. Nilipomwomba zilizosalia baada ya likizo, alinitazama, akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, bibi amefariki.” Kurasa zile mbili ningali ninazo. Zina majina ya mboga sita za mwitu. Ya saba ina jina tu, bila maelezo.

Nasi tuna bibi zetu, na kila jiko lina manjano yake, hata kama si ya rangi ya dhahabu. Msomaji, wewe unajua kusoma na kuandika, nao wengi wao hawakupata bahati hiyo. Jioni ya leo, kabla ya kufungua kitabu kingine, chukua kalamu, kaa karibu na meko, uulize jina la jani lililo chunguni, na kazi yake, na madhara yake. Kisha andika, kwa lugha ambayo wenye mali wenyewe waweza kuisoma.