Ndugu za Wazee Wetu

Mwaka 1900 Misioni ya Leipzig ilianza kazi Shigatini, Upare ya Kaskazini. Mwaka 1903 Waadventista Wasabato wakaingia Upare ya Kusini. Uislamu nao ulikuja pamoja na wafanyabiashara. Ikatokea basi kwamba nyumba moja iligawanyika: kaka akabatizwa Kilutheri, mdogo wake akawa Msabato, wa tatu akasilimu. Kila mmoja alipata jina jipya, na wajukuu wanaoitwa kwa majina hayo hawajuani tena.

Kwa hiyo atafutaye ukoo wake asimwandame babu peke yake. Kitabu cha ubatizo humtaja aliyebatizwa, wazazi na wadhamini. Ndugu waliobaki nje hakiwataji. Wadhamini na wafuatwe, huenda mmojawapo ni jamaa. Kisha waulizwe akina bibi habari za dada zake babu walioolewa mbali. Hao husahaulika kuliko wote, wala si haki, maana watoto wao ni damu ile ile.

Tena jambo hili si la udadisi tu. Matangazo ya ndoa yanaposomwa mjini Same, walikochanganyika watu wa Usangi, Mbaga na Gonja, mzee aweza kusimama na kusema kwamba bibi yake bwana harusi na babu yake bibi harusi walinyonya ziwa moja.