Nasaba ya Mkoko

Historia ya pwani yetu tumezoea kuisimulia kwa majahazi: kaskazi ikiwaleta wageni, kusi ikiwarejesha kwao na shehena za boriti za Lamu na Rufiji, zikaezeke nyumba za Oman na Ghuba. Lakini boriti ni mti uliokufa. Hauachi kizazi uendako. Mkoko ulio hai una safari yake, kongwe kuliko tanga.

Mbegu yake huchipua ingali juu ya mti mama, kisha hudondoka na kuelea, pengine kwa majuma mengi, hadi ipate tope. Haichagui njia, huchukuliwa na mkondo. Mkondo wa Ikweta ya Kusini hupita kaskazini ya Bukini, hugonga mwambao karibu na Rasi ya Delgado, kisha hugawanyika: tawi moja hupanda kuelekea Mafia, Unguja na Kenya, jingine huteremkia Mlango-Bahari wa Msumbiji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba nasaba za mkoko nazo zimefuata mapito hayo. Miti miwili ifananayo kwa sura huenda ikawa ya koo mbalimbali.

Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti ng'ambo mwaka 1982, na leo vijiji vingi vya mwambao vinapanda mikoko upya. Apandaye na aulize kwanza: mbegu hii ni ya wapi? Kwani miche ya mbali, ikiletwa kwa wingi, yaweza kuivuruga nasaba iliyopangwa na bahari kwa karne nyingi. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wahenga. Na mti nao una kwao.