Barua iliyokosa sahihi: miaka 130 ya Ramana na mlima wake

Kwetu mtu hubisha hodi, na akiulizwa "Nani?" hujibu "Mimi." Mwenye nyumba huambulia patupu, maana kila anayebisha ni mimi. Huko kusini mwa India kijana mmoja alilichukua jibu hilo, akalishikilia, akataka kujua huyo mimi ni nani hasa. Septemba 1, 2026 inatimia miaka 130 tangu ashuke kwenye treni katika mji wa Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala. Hakuondoka tena hadi alipozikwa papo hapo.

Jina alilopewa na wazazi ni Venkataraman. Alizaliwa Desemba 30, 1879 katika mji mdogo wa Tiruchuli. Baba yake, aliyekuwa akiwasimamia watu kesi zao mahakamani, alifariki mwaka 1892, na mtoto akalelewa na baba yake mdogo mjini Madurai. Alikuwa mvulana wa kawaida, anapenda mpira, vitabu havimvutii.

Katikati ya Julai 1896, akiwa na miaka 16, alishikwa na hofu ya kufa akiwa peke yake chumbani ghorofani. Hakuwa mgonjwa. Badala ya kuita watu alilala chali, akakaza miguu na mikono kama maiti, akafunga midomo na kuzuia pumzi. Akajiuliza: mwili huu ukishachukuliwa kuchomwa, mimi nitakuwa nimekufa? Alipoinuka hofu ilikuwa imekwisha, na kwa maelezo yake mwenyewe haikumrudia maishani.

Wiki sita baadaye akaondoka nyumbani, na hapa ndipo penye karatasi inayonifanya niandike makala haya. Kaka yake alikuwa amemwagiza achukue rupia tano nyumbani, akamlipie ada ya chuo. Kijana akachukua tatu za nauli, mbili akaziacha pamoja na barua fupi: anakwenda kumtafuta Baba yake (ndivyo alivyomwita Mungu), asitafutwe, pesa isipotee kwa kumsaka, na ada bado haijalipwa. B. V. Narasimha Swami, mwanasheria aliyeandika wasifu wake mwaka 1931, aliichunguza barua ile kama wakili anavyokagua hati. Akaonyesha kwamba inaanza na "mimi", lakini sentensi moja tu mbele yake mwandishi anajiita "hiki", kama anayezungumzia kitu. Na mwishoni, pale mtu anapotia jina lake, pana mstari mtupu.

Safari yenyewe aliianza kwa ramani iliyopitwa na wakati. Alikata tiketi ya rupia mbili na sarafu 13 za ana hadi Tindivanam, asijue kwamba reli mpya inafika Tiruvannamalai kwenyewe. Aliyemwelekeza ndani ya behewa ni shehe mmoja wa Kiislamu mwenye ndevu nyeupe: ashukie Villupuram, abadili treni. Nauli ikamwishia njiani, akatembea kwa miguu, akaweka rehani herini zake za dhahabu kwa rupia nne. Alipofika akanyoa kichwa, akatupa pesa zilizobaki pamoja na uzi wa Kibrahmini, alama ya tabaka lake, akabaki na kipande cha nguo kiunoni.

Miaka iliyofuata inajulikana sana, nami naipita haraka. Alikaa kimya ndani ya hekalu kuu. Watoto walipomrushia mawe akajificha kwenye chumba cha chini ya ardhi, wadudu wakamla mapaja. Mwaka 1898 mama yake alikuja kumlilia arudi nyumbani, asifanikiwe. Tangu 1899 aliishi mapangoni mlimani, na mwaka 1907 mwanazuoni Ganapati Muni akamwita Ramana Maharshi, jina ambalo dunia inamjua nalo.

Mafundisho yake hata hivyo hayapaswi kupitwa haraka, maana ndiyo yanayopotoshwa sana siku hizi. Mnamo 1902 karani wa ofisi ya kodi, Sivaprakasam Pillai, alimpandia mlimani na maswali, la kwanza: mimi ni nani? Ramana alikuwa hasemi bado, akajibu kwa maandishi, mengine kwa kidole mchangani. Majibu hayo yalichapwa mwaka 1923 kama kijitabu, Nan Yar, ambacho kwa Kitamil ni hilohilo swali la Pillai. Njia yake haikuwa kulirudia swali kama uradi. Wazo likizuka, la hasira, la woga, la deni, usipigane nalo wala usilifuate. Uliza: limemzukia nani? Jibu litakuja: mimi. Basi mgeukie huyo mimi, umtazame anakotokea. Alisema kwamba mawazo yote hutungwa kwenye lile wazo la kwanza la "mimi", kama shanga kwenye uzi. Uzi ukilegea, shanga hazina pa kushika. Utulivu, kwa maneno yake, hauletwi kutoka nje. Upo, umefunikwa tu.

Kiswahili chetu kinalifanya zoezi hilo kuwa gumu kwa namna yake. Huwezi kusema umechoka bila kuanza na "ni": nimechoka, nimekasirika, nimeonewa. Kabla uchovu haujatajwa mwenyewe ameshajitaja. Nilijaribu siku moja kusema "uchovu upo" badala ya "nimechoka", na kwa muda mfupi mzigo ulikuwa mwepesi kweli.

Mama yake Ramana alikuja kuishi naye mlimani na akafa Mei 19, 1922. Kaburi lake chini ya mlima ndilo lililozaa ashramu, yaani makazi ya watawa na wafuasi, na ashramu ikazaa ugomvi.

Perumal Swami alikuwa msimamizi wa shughuli za Ramana tangu siku za mapangoni. Uongozi ulipokwenda kwa mdogo wake Ramana, aliyejulikana kama Chinnaswami, Perumal hakukubali. Mwaka 1933 alichapisha kijitabu cha kumchafua bwana wake wa zamani.  Husimuliwa kwamba Ramana alipendekeza kiwekwe langoni, kila mgeni akisome kabla hajaingia. Perumal hakuishia hapo, akafungua kesi. Hoja yake ilikuwa na makali: Ramana ni mtu aliyeukana ulimwengu, na kwa desturi ya Kihindu mtu huyo hamiliki kitu. Sasa ashramu hii ni ya nani, na Chinnaswami ameiongoza kwa idhini ya nani?

Mwaka 1936 kamishna wa mahakama akaja mpaka ashramuni kumhoji Ramana. Munagala Venkataramiah, aliyenukuu mazungumzo ya ukumbini miaka hiyo, ameyahifadhi mahojiano hayo. Fikiria tukio lenyewe. Mtu aliyeacha barua bila jina miaka 40 kabla sasa anaulizwa na sheria wewe ni nani, uko katika hatua gani ya maisha. Wahindu wanazo hatua nne: mwanafunzi, mwenye nyumba, mkaa msituni, na aliyeukana ulimwengu. Ramana akajibu kwamba hayumo katika hata moja, yuko nje ya zote. Wanasheria walishtuka, lakini jibu lilikuwa kweli tupu: hakuwahi kupewa nadhiri na yeyote, hakuvaa vazi la rangi ya zafarani. Na asiyekula kiapo cha ufukara hazuiwi kumiliki. Ashramu ikashinda.

Baadaye walikuja wageni wengi kutoka Ulaya, kwa sababu ya kitabu cha Mwingereza Paul Brunton cha mwaka 1934. Mwishoni mwa 1948 uvimbe wa saratani ulimtokea mkono wa kushoto, akapasuliwa mara nne. Alifariki usiku wa Aprili 14, 1950. Mpiga picha Henri Cartier-Bresson alikuwapo, na akaona kimondo kikipita angani kuelekea mlimani.

Chennai tunaijua Afrika Mashariki kwa hospitali zake, na Tiruvannamalai iko kilomita 190 hivi kutoka hapo. Mgonjwa wako akipata nafuu, nenda. Ashramu haitozi malipo ya kulala wala ya chakula. Mgeni hutoa anachopenda. Lakini mji umebadilika. Mzunguko wa kilomita 14 kuuzunguka mlima, ambao Ramana aliwahimiza watu wautembee kimya, hujaa umati usiku wa mwezi mpevu, na takataka zinabaki nyuma. Nyumba zimepanda miteremkoni. Desemba 2024 mvua ya kimbunga ilimomonyoa udongo na watu saba wakafa chini yake. Inauma kuona mlima unaopendwa kiasi hiki ukitendewa hivi. Na inauma vilevile kuona walimu wa kujipachika, huko na kwingineko, wakitoza ada kwa swali ambalo yeye alilijibu bure, mchangani.

Baada ya kesi ile ya Perumal, wasaidizi wa Ramana waliona ni lazima kuandika wosia, ugomvi usirudi. Uliandaliwa mwaka 1938, mali yote ikawekwa wakfu kwa hekalu la kaburi la mama yake. Ofisa wa usajili alisubiri sahihi. Ramana hakuwa na jina la kuandika. Akachukua kalamu, akapiga mstari.