Nyongeza za Home Assistant: unampa nani funguo za nyumba?

Wadau, leo tuongelee Home Assistant, ile programu huria ya kuendesha taa, kamera na mashine za nyumbani aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013. Inavitambua vifaa vingi yenyewe. Ila siku ukinunua kiyoyozi kisichomo kwenye orodha yake, ndipo unaanza kusaka nyongeza zilizoandikwa na watumiaji wenzako.

Kuiweka si kazi. Nyongeza ni folda tu: unaitia ndani ya folda iitwayo custom_components, unawasha mfumo upya, basi. Wengi hupitia HACS, duka la bure alilolianzisha Joakim Sørensen. Unaliunganisha na akaunti yako ya GitHub, unachagua unachotaka, linakushushia na kukujulisha toleo jipya likitoka.

Sasa hapa naomba tuelewane. Nyongeza haifungiwi chumba chake peke yake. Inatembea ndani ya programu ileile, kwa hiyo inaweza kufikia kila kitu: nywila, kamera, hadi kitasa cha mlango kama umekiunganisha. Na mambo haya si ya kufikirika. Januari 2021 iligundulika kwamba nyongeza kadhaa, HACS yenyewe ikiwemo, zilikuwa na tundu lililomwezesha mtu wa nje kusoma mafaili bila hata kuingia kwa nywila. Home Assistant wakatoa matoleo ya haraka kuziba. Kwa hiyo kitu kuwepo dukani hakumaanishi kuna mtu kakagua kila mstari.

Mimi kabla ya kushusha huangalia mwandishi aliigusa lini mara ya mwisho, na malalamiko ya watu anayajibu au kayaacha yanaota majani. Kisha natunza nakala ya mfumo, naweka moja tu, naiangalia siku mbili tatu. Nyumba ikigoma, kuna kuwasha upya kwa hali salama (ipo tangu mwishoni mwa 2023), ambayo inazizima nyongeza zote za nje. Ukiona kila kitu kimetulia, mchawi wako yumo humo.

Halafu kuna hili la makampuni. Januari 2024 Haier walimtaka mwandishi wa nyongeza ya mashine zao aiondoe. Watumiaji wakaja juu, nakala zikasambaa GitHub, kampuni ikalegeza na kutaka mazungumzo. Ndiyo maana nikiwa na uchaguzi nachukua nyongeza inayoongea na kifaa mle mle ndani ya nyumba, bila kupitia seva ya mtu.