Nani Hulipwa Kuwauliza Wazee wa Gusii?

Mwaka 1955 kijana Mmarekani wa miaka 23, Robert LeVine, alifika katika nyanda za juu za Kisii pamoja na mkewe Barbara. Alikuwa mwanafunzi wa uzamifu wa Chuo Kikuu cha Harvard, na kazi iliyomleta ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa uliofadhiliwa na Wakfu wa Ford. Mradi huo ulitaka kujua watoto wanavyolelewa katika jamii sita za dunia: Wagusii (au Wakisii) wa Kenya, na jamii nyingine za India, Okinawa, Mexico, Ufilipino na jimbo moja la kaskazini mashariki mwa Marekani. LeVine alibaki Gusii hadi 1957, akapata shahada yake mwaka uliofuata, na mwaka 1966 yeye na Barbara wakachapisha kitabu kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo.

Fedha zile zilikuwa za watoto. Hata hivyo hakuna mgeni anayeweza kuuliza juu ya watoto wa Gusii bila kupelekwa kwa wazee. Katika maboma ya wakati ule, watoto waliokuwa hawajatahiriwa walilala kwa nyanya yao. Nyanya ndiye aliyewafunza mambo ambayo baba asingethubutu kuyataja mbele ya mwanawe, kwa sababu chinsoni, kanuni za heshima na haya kati ya vizazi, zilimfunga mdomo. Baba na mwana waliwekeana mipaka, lakini nyanya na mjukuu walitaniana waziwazi. Kwa hiyo daftari za mtafiti wa watoto zilijaa wazee ambao hakuna aliyekuwa amelipia utafiti wao.

Haikuwa mara ya kwanza wazee hawa kuhojiwa na msomi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwajiri Philip Mayer, mwanaanthropolojia, achunguze koo na sheria za mahari za Wagusii. Maandishi yake yalitoka mwaka 1949 na 1950. Serikali ilikuwa na haja ya wazi: mahakama za Kiafrika zilifurika kesi za ng'ombe wa mahari, na hakimu alihitaji kujua mila inasema nini. Baada ya uhuru alikuja William Ochieng', mwanahistoria aliyezaliwa Yimbo upande wa Waluo, akawahoji wazee wa Gusii kuhusu uhamaji na asili ya koo zao. Kazi hiyo ya tasnifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilitoka kama kitabu mwaka 1974, na hadi leo ni lazima kuisoma ukitaka kuelewa Gusii kabla ya 1914.

Ukiwaweka watatu hawa pamoja, jambo moja linajitokeza. Mayer aliwauliza wazee kuhusu sheria, LeVine kuhusu malezi, Ochieng' kuhusu kale. Wote walimwendea omogaka na omong'ina, yaani mzee wa kiume na wa kike, kama watu wanaoendea ghala: wachukue kilichohifadhiwa kisha waondoke. Ghala lenyewe halikuulizwa hali yake. Magoti yanauma vipi mtu anapopanda kilima kutoka kisimani? Shamba likishagawiwa wana wote, anayebaki na kipande kidogo anakula nini? Macho yakififia, nani anamsomea barua ya mwanawe aliye Nairobi? Maswali haya hayakuwa na mfadhili, na swali lisilo na mfadhili mara nyingi haliandikiwi tasnifu.

Mambo yalianza kubadilika kwanza Marekani. Mwaka 1974 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoanzisha Taasisi ya Kitaifa ya Uzee, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Robert Butler, daktari wa akili ambaye mwaka 1969 alikuwa amefananisha ubaguzi dhidi ya wazee na ubaguzi wa rangi. Miaka minane baadaye, 1982, Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu uzee mjini Vienna. Uzee sasa ulikuwa na taasisi, bajeti na wataalamu wake. LeVine mwenyewe mwaka 1980 alichapisha makala ndefu kuhusu utu uzima wa Wagusii, akieleza jinsi mtu anavyopanda ngazi za maisha hadi kufikia uzee, na kile anachotarajia kukikuta huko juu.

Upande wa magharibi mwa Kenya, tasnifu niionayo kuwa ya mfano ni ya Maria Cattell. Alikwenda Samia, katika Busia ya leo, akafanya utafiti wake mkuu mwaka 1984 na 1985 kwa ruzuku za Wakfu wa Kitaifa wa Sayansi wa Marekani na Wakfu wa Wenner-Gren. Alikuwa mama mtu mzima, na jambo hilo lilimsaidia, maana bibi wa Samia hamwelezi binti mdogo mambo ya mwili wake. Tasnifu yake ya mwaka 1989 katika Chuo cha Bryn Mawr iliuhusu uzee wenyewe: kuzeeka kwa mwanamke kunavyotofautiana na kwa mwanamume, na jinsi ada za shule, kazi za mjini na uhaba wa ardhi vilivyobadilisha wajibu wa watoto kwa wazazi. Ni kazi nzuri. Lakini mwandishi wake alitoka Marekani, fedha zilitoka Marekani, na shahada ilitolewa Marekani.

Mpangilio huu ulirudiwa kila mahali. Mwenye ruzuku alitoka mbali. Mwenye lugha alikuwa kijana wa kijijini aliyemaliza shule, akaajiriwa kutafsiri na kuandika majibu. Kijana huyo ndiye aliyejua kwamba mzee akinyamaza baada ya swali fulani, kunyamaza kule ni jibu. Mkataba ulipokwisha alirudi shambani. Kulikuwa na jitihada za kuvunja mpangilio huo: kuanzia 1966 Shirika la Carnegie la New York lilifadhili kitengo cha utafiti wa makuzi ya watoto jijini Nairobi, chini ya John Whiting, na kufundisha Wakenya ilikuwa sehemu ya makubaliano. Lakini hicho nacho kilikuwa cha watoto.

Kati ya 1992 na 1994 Gusii ilipatwa na msiba. Makundi ya watu yaliwavamia wanakijiji walioshukiwa kuwa wachawi, yakawachoma moto pamoja na nyumba zao. Magazeti yaliandika kwa siku chache kisha yakahamia kwingine. Aliyebaki na swali hilo alikuwa mwana wa Gusii, Justus Ogembo, mwanafunzi wa uzamifu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Tasnifu yake ilikamilika mwaka 1997, na kitabu chake kuhusu misako hiyo kikatoka mwaka 2006. Hakuridhika na jibu la wageni kwamba Wakisii wanaamini uchawi, basi yamekwisha. Imani hiyo ni ya zamani, na mauaji ya namna ile hayakutokea kila mwaka. Kwa nini yatokee wakati ule? Akatafuta sababu katika misukosuko ya uchumi na siasa ya mwanzo wa miaka ya 1990.

Mgeni angeweza kuuliza swali hilo, sikatai. Lakini aliyeuliza ni yule ambaye nyumba zilizochomwa zingeweza kuwa za majirani wa mama yake, na hapo ndipo ninapoona faida ya kupanua lango la utafiti. Ruzuku inayomfikia mtoto wa mkulima wa chai inaleta swali ambalo halikuwamo katika orodha ya mfadhili. Na swali hilo halijazeeka. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne walichomwa hadi kufa katika kijiji cha Nyagonyi, eneo la Marani, kwa tuhuma zilezile.

Wamarekani walilitambua jambo hili kwao mapema. Mwaka 1997 Taasisi ya Uzee ilianzisha vituo vya utafiti wa uzee miongoni mwa jamii za wachache. Kwa miaka mingi pia ilitoa ruzuku mahususi kwa tasnifu za uzamifu kuhusu uzee, ikiwalenga wanafunzi wa makabila ya wachache, wenye ulemavu na waliotoka familia duni. Hoja yake ilikuwa rahisi: wazee wa Marekani ni wa rangi na lugha nyingi, na watafiti waliokuwa wakiwachunguza walifanana mno. Ruzuku hiyo ilikuwa ya raia na wakazi wa kudumu. Mwanafunzi wa mji wa Ogembo, huko Gusii, hakuweza kuiomba. Binamu yake mwenye ukazi wa kudumu Minnesota aliweza. Na Minnesota si mfano wa kubuni, kwa kuwa Wakisii wengi wameweka makao huko, na wengi wao hufanya kazi ya kuwauguza wazee katika nyumba za kutunzia. Mikono ya Gusii inawaosha na kuwalisha wazee wa Marekani kila siku. Mwaka 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilizishambulia programu za aina hii na nyingi zikafutwa, jambo ninaloliona kuwa hasara kwa wazee wa nchi hiyo kabla ya kuwa hasara kwa wanafunzi.

Afrika Mashariki nayo imekuwa na milango yake. Wakfu wa Ford uliendesha kati ya 2001 na 2013 programu ya kimataifa iliyowasomesha zaidi ya watu 4,300 kutoka nchi 22, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwamo, na ikawatafuta kwa makusudi waliozoea kuachwa nje. Jijini Nairobi, Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika, APHRC, kilichokuwa taasisi huru mwaka 2001, kilichunguza afya ya wazee wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani mwaka 2006. Wanawake walieleza hali mbaya zaidi ya afya kuliko wanaume. Mwaka 2008 kituo hicho, kwa msaada wa shirika la utafiti wa maendeleo la Canada, IDRC, kilianza kutoa ruzuku za tasnifu kwa Waafrika wanaosomea uzamifu katika vyuo vya Afrika. Mwaka huohuo uliundwa muungano wa vyuo vya Afrika, CARTA, wa kuwalea wahadhiri vijana wa vyuo washirika hadi wapate shahada. Kwa Kenya, vyuo vilivyoanza nao ni Nairobi na Moi. Kisii haikuwamo, chuo chake kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2013 tu.

Tuje basi Ogembo penyewe, kati ya mashamba ya chai na migomba, ambapo zamani palikuwa makao ya wilaya ya Gucha. Tuseme mwanafunzi anataka kuandika tasnifu kuhusu wazee wanaoishi peke yao. Kabla ya kumfikia mzee wa kwanza anahitaji idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na vyote vina ada. Kisha boda boda ya kupanda na kushuka vilima, huku akijua kwamba mvua ya alasiri ikinyesha, njia ya udongo haipitiki. Akifika, swali la kwanza kwenye fomu ni umri, na hapo anaweza kukwama nusu saa. Bibi hana cheti cha kuzaliwa. Mwaka ulio kwenye kitambulisho ulikadiriwa na karani. Inabidi waanze kuhesabu pamoja: Vita Kuu vya Pili vilipokwisha alikuwa anatembea? Bendera ilipopandishwa mwaka 1963 alikuwa ameolewa? Mtoto wake wa kwanza alitahiriwa mwaka gani? Hesabu hiyo si ya kitaaluma tu, kwa sababu Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi, inaanzia miaka 70. Mwanafunzi anayezungumza Ekegusii anaisikia hesabu hiyo moja kwa moja. Asiyekijua anamlipa mkalimani, na nusu ya utani wa bibi inapotea njiani. Jioni yanabaki mahojiano ya kuandikwa neno kwa neno, na kila saa ya sauti hula saa nyingi za kuandika.

Bila ruzuku, kazi hii hufanywa na mwalimu wakati wa likizo, kwa mshahara wake, na ndiyo sababu tasnifu nyingi hukaa miaka bila kukamilika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake na serikali. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuagiza itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiasi hicho hakijawahi kukaribiwa. Kaunti za Kisii na Nyamira zimekuwa zikitoa basari kwa wanafunzi wa shule na vyuo, na wawakilishi wa wadi hujipigia debe kwazo. Ninawaomba wawakilishi hao watenge kila mwaka sehemu ndogo ya fungu hilo kwa tasnifu chache za uzamifu kuhusu uzee, na wafikiriwe kwanza wanafunzi wa vijijini, wanawake na wenye ulemavu. Waanze mwaka huu wa fedha, wakati waliozaliwa kabla ya 1945 bado wapo wa kuhojiwa.